Saa ya kompyuta mahali panapobadilishwa saa: mipangilio mitatu, upi unakufaa?

Jumapili ya pili ya Machi, saa za New York zikifika 02:00 hurukia 03:00. Usiku huo 02:30 haipo. Jumapili ya kwanza ya Novemba zikifika 02:00 hurudi 01:00, na 01:30 hupita mara mbili. (Saa zote humu nimeziandika kwa mtindo wa saa 24 kuanzia usiku wa manane, kama kompyuta zenyewe zinavyoziandika.) Watu hulala, huamka, husogeza mshale wa saa ya ukutani, yakaisha. Kompyuta iko macho usiku kucha na inadaiwa majibu: kazi iliyopangwa 02:30 ifanyike lini? Tukio lililoandikwa 01:30 ni la mzunguko wa kwanza au wa pili?

Anayeandaa kompyuta au seva kwa ajili ya nchi zenye saa za kiangazi, yaani zinazosogeza saa hivyo kila mwaka, hukutana na swali hili mapema, wakati wa kusakinisha tu: saa iwekwe vipi? Kuna mipangilio mitatu inayotumika. Nimeitumia yote, kila mmoja umewahi kunikesha, na bado ningeuchagua kila mmoja mahali pake.

Vigezo

Nitauliza maswali manne kwa kila mpangilio. Usiku wa mabadiliko mashine inafanya nini, hasa kama ilikuwa imezimwa? Serikali ikibadili sheria ya saa ghafla, unarekebisha nini? Kazi za ratiba zinarukwa au zinajirudia? Na logi (kumbukumbu za matukio ya mashine) pamoja na tarehe za mafaili, zitasomeka bila utata miezi sita baadaye?

Swali la pili nalipa uzito kuliko wengi wanavyolipa. Usiku wa mabadiliko unajulikana mapema na unaweza kujiandaa. Sheria inayotangazwa siku mbili kabla haikupi nafasi hiyo.

Kabla ya kulinganisha: saa tatu ndani ya kompyuta moja

Ya kwanza ni saa ya maunzi, kile kisaa kinachoendeshwa na betri kwenye ubao mama. Hiyo ina tarakimu tu; haijui ziko katika ukanda gani wa saa. Ya pili ni saa ya mfumo, inayohesabiwa na mfumo endeshi ukiwa umewaka. Linux na jamaa zake wote wa Unix huhesabu sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970 kwa UTC, saa ya marejeo ya dunia nzima isiyobadilishwa na majira. Windows huhesabu vipande vya nanosekunde 100 tangu tarehe 1 Januari 1601, vilevile kwa UTC. Ya tatu ni ile unayoiona kwenye skrini, ambayo hukokotolewa kila mara kwa kuchukua UTC na kuipitisha kwenye kanuni za ukanda wako.

Kwa hiyo katikati pote ni UTC, hata kwa Windows. Mipangilio inatofautiana chini, kwenye maunzi, na juu, kwenye kile kinachoonyeshwa na kutumiwa na ratiba.

Mpangilio wa kwanza: saa ya mahali hadi kwenye maunzi

Huu ni urithi wa DOS, mfumo endeshi uliotangulia Windows, na Windows hadi leo inautumia usipoiambia vinginevyo. Ukifungua BIOS (programu ya msingi ya ubao mama) unakuta saa ileile iliyo ukutani, na hiyo ni faida ya kweli kwa fundi aliye mbele ya mashine isiyowaka vizuri.

Usiku wa mabadiliko. Hapa ndipo penye mtihani. Tarakimu za kwenye chipu ya saa ya maunzi zikiwa za mahali, lazima kuwe na wa kuzisogeza mara mbili kwa mwaka, na kazi hiyo ni ya mfumo endeshi. Mfumo ukiwa mmoja, mambo huenda sawa hata kama mashine ilizimwa: asubuhi Windows hutazama kwenye rejista yake (hifadhi ya mipangilio) ilikuwa katika saa zipi mara ya mwisho, huona zamu imepita, husogeza. Ikiwa mifumo ni miwili kwenye mashine moja, kila mmoja huamka ukidhani zamu ni yake. Wa kwanza unasogeza saa moja, wa pili ukiwashwa unasogeza nyingine. Na kama mmoja ni Windows inayosoma chipu kama saa ya mahali na mwingine ni Linux inayoisoma kama UTC, kosa halingoji Machi wala Novemba. Lipo kila unapohama kutoka huku kwenda kule, na ukubwa wake ni tofauti nzima kati ya ukanda wako na UTC.

Usawazishaji wa intaneti kupitia NTP huja kuisahihisha, lakini baada ya muda kidogo. Katika dakika hizo za katikati mashine inaamini UTC isiyo ya kweli, na kwa mitandao ya ofisini hilo ni zito: Kerberos, inayotumika kuthibitisha watumiaji katika Active Directory (mfumo wa Windows wa kusimamia watumiaji wa ofisi), kwa kawaida huvumilia tofauti ya dakika 5 tu. Saa nzima ni kufungiwa nje.

Sheria ikibadilika. Wahandisi waliwahi kuipa chipu yenyewe kazi ya kubadilisha saa. MC146818 ya Motorola, ambayo IBM iliiweka kwenye PC AT ya mwaka 1984, ina biti ya saa za kiangazi: ukiiwasha, chipu inaruka yenyewe Jumapili ya mwisho ya Aprili na kurudi Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Mwaka 1986 Marekani ikapitisha sheria kwamba kuanzia 1987 saa za kiangazi zianze Jumapili ya kwanza ya Aprili. Chipu haikuwa na njia ya kuipata habari hiyo. Tangu hapo kanuni zimebaki kwenye programu, ambako angalau zinaweza kusasishwa, na kwa mpangilio huu sasisho linapaswa kufika kabla ya usiku wenyewe. Likichelewa, chipu nayo inakuwa imeshaandikwa saa isiyo sahihi.

Kazi za ratiba. Zinafuata saa ya kwenye skrini, sawasawa na mpangilio wa pili. Nitazieleza huko.

Logi na mafaili. NTFS, mfumo wa mafaili wa Windows, huhifadhi muda wa faili kwa UTC, kwa hiyo msingi ni salama. Hata hivyo Windows za zamani kama XP zilionyesha muda huo kwa kutumia tofauti ya leo badala ya tofauti iliyokuwepo siku faili lilipoandikwa. Mafaili yote yalionekana kusogea saa moja kila majira yakibadilika. FAT, aina ya zamani ya mfumo wa mafaili ambayo bado imejaa kwenye kadi za kumbukumbu na diski za USB, inaandika saa ya mahali bila kutaja ukanda. Nakili folda ile ile Oktoba na Desemba kati ya FAT na NTFS, na programu ya nakala rudufu itadhani kila faili limebadilika. Ndiyo maana robocopy, amri ya Windows ya kunakili mafaili, ina swichi ya /DST: kazi yake ni kupuuza tofauti ya saa moja kamili.

Unamfaa: mwenye kompyuta moja, mfumo mmoja, Windows, anayepata masasisho kwa wakati. Huyo hana sababu ya kugusa chochote.

Mpangilio wa pili: UTC kwenye maunzi, saa ya mahali kwenye skrini

Huu ndio wa kawaida kwa Linux na macOS. Chipu haiguswi na majira. Mfumo ndio unaokokotoa saa ya kuonyesha.

Usiku wa mabadiliko. Hakuna kinachosogezwa. Mashine ikizimwa Oktoba na kuwashwa Januari, inasoma UTC, inapiga hesabu, inaonyesha sahihi. Mifumo mitatu kwenye diski moja itakubaliana bila kuambiana, mradi yote ijue kwamba chipu ina UTC. Kwa kigezo hiki peke yake mpangilio huu unaushinda wa kwanza, na sioni la kubishania.

Sheria ikibadilika. Hapa mambo si mepesi. Linux na macOS hutegemea tzdata, hifadhidata ya kanda za saa iliyoanzishwa na Arthur David Olson na ambayo tangu 2011 inasimamiwa kupitia IANA, taasisi inayoratibu namba na majina ya intaneti. Kila toleo lina jina la mwaka na herufi, na dunia hailali: mwaka 2018 Morocco ilitangaza tarehe 26 Oktoba kwamba haitarudisha saa tarehe 28 Oktoba. Siku mbili.

Lebanon ya mwaka 2023 ndiyo mfano unaofundisha zaidi. Saa zilitakiwa kusogezwa mbele usiku wa kuamkia tarehe 26 Machi. Tarehe 23 Machi serikali ikatangaza kuahirisha hadi Aprili. Toleo la 2023b la tzdata likatoka na mabadiliko hayo. Nchini, baadhi ya taasisi zilifuata serikali na nyingine zikakataa, kwa hiyo Beirut ilikuwa na saa mbili kwa wakati mmoja. Tarehe 27 Machi uamuzi ukabatilishwa, saa zikasogezwa usiku wa kuamkia tarehe 30, na 2023c ikatoka kurudisha data ya awali. Mashine ambayo haikusasishwa kabisa ilionyesha saa moja katika siku hizo. Iliyosasishwa kwa bidii ilionyesha nyingine. Na hakuna kati yao iliyokuwa na kasoro.

Katika hali kama hiyo watu hufanya kosa moja ambalo natamani kila msimamizi alijue. Skrini inaonyesha saa moja nyuma, sasisho halijafika, mtu anafungua mipangilio na kuisogeza saa mbele kwa mkono. Skrini sasa inapendeza. Lakini alichosogeza ni saa ya mfumo, yaani UTC, na sasa mashine inaudanganya mtandao mzima: barua pepe zinatumwa kutoka saa ijayo, Kerberos inakataa, na sasisho likifika skrini inaruka tena. Kinachopaswa kuguswa ni ukanda. Chagua kwa muda ukanda mwingine wenye tofauti unayoitaka, kisha urudi kwenye wako sasisho likiwasili.

Na sasisho likishafika bado kuna kazi. Programu iliyowashwa kabla ya hapo inaweza kuwa imeshika kanuni za zamani kwenye kumbukumbu hadi uizime na kuiwasha. Java ina nakala yake yenyewe ya kanuni ndani ya JDK (kifurushi chake), haitazami ya mfumo. Kontena (programu zilizofungashwa pamoja na mahitaji yake) nazo hubeba tzdata yao, au hazibebi kabisa. Nimewahi kusasisha seva nzima kwa furaha, kumbe programu iliyokuwa muhimu kuliko zote ilikuwa inasoma nakala ya miaka miwili nyuma.

Kazi za ratiba. Hapa ndipo mpangilio huu unapolipishwa. Kazi ya 02:30 usiku wa Machi haina saa ya kufanyikia, na ya 01:30 usiku wa Novemba ina mbili. Cron (programu inayoendesha kazi za ratiba) ya Linux aina ya Debian, inayotokana na ile ya Paul Vixie, inajitahidi: saa ikiruka chini ya saa tatu, kazi zenye saa maalum zilizorukwa hufanywa mara moja baada ya mruko, na zilizokwisha fanywa hazirudiwi. Lakini huruma hiyo haizifikii kazi zilizopangwa kwa alama ya nyota (*), mfano za kila saa au kila dakika kumi, na si kila cron iliyoandikwa duniani ina huruma hiyo. Taima za systemd, programu inayosimamia huduma za Linux, zinakuruhusu kuandika UTC mwishoni mwa mstari wa OnCalendar, na Task Scheduler ya Windows ina kisanduku cha kusawazisha kazi kati ya kanda za saa. Dawa rahisi zaidi ni kutoweka chochote kati ya 23:00 na 04:00. Nasema 23:00 kwa sababu si kila nchi inaruka 02:00. Lebanon inaruka usiku wa manane wenyewe na kurudi kutoka hapo hadi 23:00, na Brazil ilifanya hivyo hadi ilipoacha saa za kiangazi mwaka 2019. Programu iliyodhani kila siku ina 00:00 huangukia hapo.

Logi na mafaili. Inategemea umbo la logi. Syslog ya zamani, umbo la logi la Unix, huandika mwezi, siku na saa bila mwaka wala tofauti na UTC, kwa hiyo saa ya Novemba inayojirudia inakuwa uji: mistari ya mizunguko miwili imechanganyika na hakuna wa kuitenganisha. Umbo jipya la RFC 5424, la mwaka 2009, linabeba tofauti ndani ya kila mstari. Journal ya systemd huhifadhi kwa UTC na inaweza kukuonyesha hivyo kwa journalctl --utc. Kuhusu FAT, shida ni ileile ya mpangilio wa kwanza.

Unamfaa: kompyuta ya mtu binafsi ya Linux au Mac, mashine yenye mifumo miwili, na seva inayohudumia watu wa mahali pamoja wanaotaka kazi zifuate saa yao ya ofisini.

Mpangilio wa tatu: UTC kotekote

Maunzi UTC, mfumo UTC, skrini UTC. Kwa Linux ni amri moja, timedatectl set-timezone UTC.

Usiku wa mabadiliko. Haupo. Hakuna saa inayorukwa wala inayojirudia.

Sheria ikibadilika. Mfumo endeshi hauhisi kitu. Ila tusijidanganye: kanuni hazijatoweka, zimehamia kwenye programu inayomwonyesha mtumiaji saa yake. tzdata bado inahitajika huko. Seva iliyo UTC isiyosasishwa itamwambia mtu wa Beirut saa isiyo yake, kama nyingine yoyote.

Kazi za ratiba. Kila kazi hufanyika mara moja, kila baada ya saa 24 kamili. Kwa nakala rudufu, usafishaji wa diski na uhamishaji wa data, huo ndio utulivu unaoutaka. Kwa kazi inayomhusu binadamu ni kinyume chake. Ripoti inayotakiwa mezani 08:00 kwa saa za London, ukiipanga 08:00 UTC, itafika vizuri majira ya baridi na kuchelewa saa nzima majira ya kiangazi. Wapo wanaobadilisha ratiba kwa mkono mara mbili kwa mwaka kukabili hilo. Kwangu hiyo ni kurudisha hitilafu kwa mlango wa nyuma, na safari hii ikitegemea kumbukumbu ya mtu.

Logi na mafaili. Bora kuliko yote. Logi za seva kumi katika nchi saba zinapangwa kwa mfuatano wa kweli, na hata syslog ya zamani inaeleweka. FAT nayo haisogei, kwa sababu saa yake ya mahali ni UTC. Gharama iko kwa msomaji: mteja akisema tatizo lilitokea 14:20, lazima ujue yuko wapi na majira gani kabla ya kutafuta. Wakati wa hitilafu kubwa, kichwa kikiwa kimechoka, hesabu hiyo ya kutoa na kujumlisha huleta makosa.

Unamfaa: seva zinazohudumia nchi nyingi, mashine zinazobadilishana logi, na mashine zisizoketi mtu mbele yake.

Ahadi za siku zijazo

Mpangilio wowote utakaouchagua, programu zako bado zinaweza kukosea kengele na mikutano. Tarehe 31 Oktoba 2010 Ulaya iliporudisha saa, iPhone nyingi zilionyesha saa sahihi kabisa huku kengele zake za kujirudia zikilia saa moja baadaye. Saa ya kifaa ilikuwa sawa. Hesabu ya kengele haikuwa.

Jambo lililokwisha tokea lina wakati mmoja tu duniani, na UTC inatosha kulihifadhi. Mkutano wa mwaka ujao saa 09:00 Berlin haujawa wakati bado. Ni ahadi kuhusu saa ya ukutani ya Berlin, na bunge linaweza kuhamisha saa hiyo ilhali ahadi imesimama. Uhifadhi 09:00 pamoja na jina Europe/Berlin, na UTC uikokotoe siku zikikaribia. Kuhifadhi 09:00 na +01:00 hakutoshi, kwa sababu +01:00 haisemi ni nchi gani wala kanuni zipi. Na jihadhari na hifadhidata: aina ya timestamptz ya PostgreSQL, pamoja na jina lake, haihifadhi ukanda ulioandikwa, hubadilisha kuwa UTC na kuutupa. Jina la ukanda liwe na safu yake.

Kwa hali yako

Kompyuta ya mkononi yenye Windows pekee: acha ilivyo, hakikisha masasisho hayajazimwa.

Windows na Linux kwenye mashine moja: ningeiambia Windows isome chipu kama UTC, kwa thamani ya RealTimeIsUniversal kwenye rejista. Ukiogopa kugusa rejista, iambie Linux ifuate saa ya mahali kwa timedatectl set-local-rtc 1, ukijua kwamba itakuonya kila ukiitazama na kwamba ni Windows peke yake itakayosogeza chipu.

Mashine pepe: QEMU (programu ya kuendesha mashine pepe) humpa mgeni, yaani mfumo ulio ndani, chipu yenye UTC. Mgeni akiwa Windows isiyobadilishwa, mpe base=localtime.

Seva ya ofisi moja katika nchi moja: mpangilio wa pili, kazi zote nje ya 23:00 hadi 04:00, na logi zenye tofauti na UTC kwenye kila mstari.

Seva za nchi nyingi: mpangilio wa tatu. Zile kazi chache zinazofuata saa ya binadamu zipe ukanda kwa jina, moja moja. OnCalendar ya systemd inapokea jina la ukanda kama inavyopokea UTC.

Kifaa cha zamani kisichopata masasisho tena: kama ni cha jamii ya Unix, unaweza kuandika kanuni mwenyewe kwenye TZ (mpangilio wa mfumo unaotaja ukanda wa saa), kwa mfano EST5EDT,M3.2.0,M11.1.0 kwa New York: mwezi wa 3, juma la 2, Jumapili, kisha mwezi wa 11, juma la 1, Jumapili. Angalia alama kabla ya kufunga: katika umbo hili 5 isiyo na alama ni magharibi ya Greenwich, kinyume na -05:00 uliyoizoea kwingine. Andika kando tarehe uliyoweka mstari huo, maana hakuna atakayekubadilishia sheria ikibadilika. Na kama kazi ya kifaa ni kuandika vipimo tu, kiweke UTC na ukiache hapo.